Pembe ya Kivuli Uani

Ni jambo la kusikitisha, kwa rai yangu, kuona watu wa mwambao wetu, ambao jua huwaadhibu tangu asubuhi hadi alasiri, wakiidharau ile pembe ya ua isiyopigwa na jua, wakaifanya jaa la makopo na mbao mbovu, au wakaukata mwembe mzima na kumwaga saruji, ilhali kivuli ni neema isiyonunulika kwa haraka.

Aghalabu husemwa kwamba hapo hapaoti kitu. Hapana shaka mrihani na mwasmini, ambayo ni mimea ya jua, hudhoofika. Lakini mtambuu hukwea shina kwa raha, iliki, tangawizi na manjano hustahimili kivuli chepesi, makangaga hustawi penye unyevu, na lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Baroni Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mnamo 1892, na ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya huku sisi wenyewe tukilipita, asili yake ni majabali yaliyofunikwa na kivuli cha msitu.

Kazi yenyewe si kubwa: ukuta upakwe chokaa ili urudishe nuru, majani makavu yaachwe yaoze yawe mbolea, na kwa kuwa mizizi ya mwembe hunywa maji mengi, miche ipandwe katika vyungu vilivyotobolewa chini, wala udongo usirundikwe shinani, maana gome huoza. Kisha pajengwe kibaraza cha mawe, wazee wapate pa kunywea kahawa baada ya sala ya alasiri, na mtungi wa maji ufunikwe daima, mbu wasizaliane.