Chama kilichozaliwa hosteli na vijana wasiolala Budapest

Kama wewe ni komredi na umechoka kuambiwa kwamba kukesha na marafiki ni kupoteza wakati, kuna chama kimoja Ulaya ambacho kilianzia hosteli. Kinaitwa Fidesz. Kilizaliwa Machi 30, 1988 jijini Budapest, Hungary, katika hosteli ya wanafunzi wa sheria. Jina lenyewe ni ufupisho wa Muungano wa Wanademokrasia Vijana, na hilo neno 'vijana' halikuwa la mapambo: ukishapita miaka 35 hukuwa na nafasi ya uanachama. Sharti hilo lilifutwa 1993. Waanzilishi nao walikuwa wanazeeka, unajua.

Mmoja wao alikuwa Viktor Orbán. Juni 16, 1989, akiwa na umri wa miaka 26, alisimama mbele ya umati katika Uwanja wa Mashujaa na kutaka majeshi ya Sovieti yaondoke nchini. Mwaka huo huo akaenda kusoma Oxford kwa ufadhili wa wakfu wa bilionea George Soros. Shika jina hilo, tutakutana nalo tena.

Nakupa historia hii mapema kwa sababu bila hiyo mambo ya mwanafunzi wa Hungary wa kizazi hiki hayaeleweki: wapi anajivinjari, anasomea nini, kwa nini kila baada ya muda yuko barabarani. Fidesz iliporudi madarakani 2010 haikuwa ikiongozwa na watu wasiowajua wanafunzi. Iliongozwa na watu wanaojua vizuri kinachotokea vijana wakikaa chumba kimoja hadi saa nane za usiku wakibishana.

Tuanze na raha, maana najua wengi wenu mko hapa kwa sababu hiyo. Kihungaria sherehe huitwa 'buli'. Kwetu buli ni la chai, kwao ni kitu kingine kabisa. Mtaa unaojulikana kwa buli ni Erzsébetváros, wilaya ya saba ya Budapest. Ulikuwa mtaa wa Wayahudi, na mwisho mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia walizungushiwa ukuta humo, wengi wakafa kwa njaa, maradhi na risasi. Baada ya vita nyumba zikabaki kuoza miaka nenda miaka rudi. Ndipo miaka ya 2000 vijana wasio na pesa wakaingia kwenye majumba hayo, wakapanga viti vya kuokota, wakatundika taa za rangi na kuanza kuuza vinywaji. Wageni waliziita baa za magofu. Maarufu zaidi, Szimpla Kert, iko barabara ya Kazinczy tangu 2004, ndani ya kilichokuwa kiwanda cha meko. Unaweza kukalia beseni la kuogea lililokatwa likawa kochi, au uingie ndani ya gari kuukuu aina ya Trabant na kinywaji chako mkononi.

Kinywaji cha wanafunzi kilikuwa fröccs, yaani divai iliyoongezwa maji ya soda. Bei rahisi, haikulewi upesi, na mnaweza kukaa kwenye meza moja usiku kucha. Huo ndio uliokuwa ukumbi wao. Hakuna aliyewauliza wananunua nini tena.

Kisha ndege za bei rahisi zikaanza kumwaga watalii kila Ijumaa. Vikundi vya wanaume kutoka Uingereza wanaomuaga rafiki anayeoa, fulana zinazofanana, makelele hadi alfajiri. Wakazi wakashindwa kulala. Februari 2018 wilaya ikaandaa kura ya maoni: je, baa zifungwe kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi? Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache mno na zoezi likaanguka. Mjadala wote ulielezwa kama vita vya wazee dhidi ya vijana, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa upuuzi. Kijana wa Budapest alikuwa ameshafukuzwa pale na bei, kama tu yule bibi wa ghorofa ya tatu alivyofukuzwa na muziki. Nyumba zilizokuwa zikipangishwa kwa wanafunzi ziligeuka vyumba vya Airbnb. Mwaka 2024 wakazi wa wilaya jirani, Terézváros, walipiga kura kuzipiga marufuku kabisa kuanzia Januari 2026. Wewe unayetafuta keja karibu na chuo unajua vizuri maana ya mwenye nyumba kupata mteja wa dola.

Hata tamasha la Sziget lilipita njia hiyo hiyo. Lilipoanza 1993 kwenye kisiwa kilichoko mto Danube liliitwa Diáksziget, Kisiwa cha Wanafunzi. Siku hizi hujaza mamia ya maelfu ya watu kutoka Ulaya nzima, na tiketi ya siku zote ni mzigo kwa mwanafunzi wa pale pale Budapest.

Sasa darasani. Kuanzia 2012, anayesomeshwa na serikali hutia saini mkataba: baada ya kuhitimu, ndani ya miaka 20, lazima afanye kazi Hungary kwa muda sawa na aliosoma, la sivyo arudishe pesa. Ukifikiria deni lako la HELB utaona tofauti. HELB inataka pesa zake tu. Kule wanakutaka wewe.

Kisha vyuo vyenyewe vikaguswa. Soros yule aliyemfadhili Orbán alikuwa ameanzisha Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, CEU, mwaka 1991. Aprili 2017 bunge likapitisha sheria ambayo kila mtu alijua inalenga chuo hicho. Makumi ya maelfu waliandamana, haikusaidia, na kufikia 2019 masomo yalikuwa yamehamia Vienna, Austria. Mwaka 2020 ikawa zamu ya chuo cha sanaa za maonyesho na filamu, SZFE, kilichowekwa chini ya bodi iliyoteuliwa na serikali. Wanafunzi wakajifungia ndani ya jengo kuanzia Septemba, wakalizungushia utepe mwekundu na mweupe, wakalala humo, wakafundishana humo, hadi masharti ya korona yalipowatoa Novemba. Baadhi walikuja kupewa shahada na vyuo vya nje, kikiwemo cha Salzburg.

Mfumo huo wa bodi ulisambazwa kwa vyuo vingi, vikiwemo vya Szeged, Pécs na Debrecen. Umoja wa Ulaya ukauliza: wanasiasa wanafanya nini kwenye bodi hizi? Desemba 2022 ukazuia mikataba mipya ya Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi, kwa vyuo vyenye bodi hizo. Aliyeumia hapo si waziri. Ni msichana wa Pécs aliyetaka kusoma muhula mmoja Lisbon huku mwenzake wa ELTE, chuo ambacho hakikuingizwa kwenye mfumo huo, akifunga mizigo. Serikali ilileta mpango wake mbadala, Pannónia, 2024.

Usidhani vijana walinyimwa kila kitu, lakini. Kuanzia Januari 2022, walio chini ya miaka 25 hawakatwi kodi ya mapato hadi kiwango cha mshahara wa wastani. Ni pesa za kweli hizo, na uchaguzi ulikuwa Aprili mwaka huo, sitasema zaidi. Ila tazama mpangilio wake: mfukoni unaongezewa, chumba cha kukutania kinapungua. Baa imekuwa ya watalii, chuo kimekuwa cha bodi.

Inabaki barabara. Oktoba 2014 serikali ilipotangaza kodi ya intaneti, forinti 150 kwa kila gigabaiti, umati uliinua simu zilizowashwa hadi daraja zima likameremeta. Kabla ya mwezi kuisha Orbán alikuwa ameirudisha kapuni. Anayekumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 hahitaji kuelezewa hisia za siku ile. Mei 2023 ilikuwa zamu ya wanafunzi wa sekondari waliotoka kutetea walimu wao, na polisi wakawarushia vitoa machozi karibu na ofisi ya waziri mkuu. Juni 2025 maandamano ya Pride yalipigwa marufuku, na yakawa makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Wengi waliojiunga hawakuwa wamewahi kuyahudhuria. Walikuja kwa sababu wameambiwa wasije.

Wazee wa huko watakukumbusha kwamba haya si mageni. Mapinduzi ya Oktoba 1956 yaliwashwa na wanafunzi walioandika madai yao 16. Vifaru vya Sovieti vilipoyazima, karibu watu 200,000 walikimbilia nje.

Kutoka leo hakuhitaji kuvuka mpaka gizani. Treni ya Vienna haimalizi saa tatu, na ukifika huko mshahara ni mwingine. Kwa nchi iliyohesabu watu milioni 9.6 pekee katika sensa ya 2022, kila behewa linaloondoka na wahitimu linasikika. Ndiyo maana ule mkataba wa 2012 upo.

Wakati huo huo kuna Wakenya wanaosafiri kuelekea Hungary. Serikali ya huko ina ufadhili uitwao Stipendium Hungaricum, ulioanza 2013, na wanafunzi kutoka Kenya ni miongoni mwa wanaoupata. Wewe unatafuta viza ya kuingia darasa ambalo mwenyeji anahesabu siku za kulitoka. Hilo lisikuzuie kutuma maombi, elimu ni nzuri na karo imelipwa. Ila kabla ya kuchagua chuo, uliza kiko chini ya nani na kama milango ya Erasmus iko wazi kwa wanafunzi wake. Na ukifika Budapest, usiwatafute wenzako Kazinczy Ijumaa usiku. Utakuta Waingereza.