Kasisi Kapaun na deni letu la majina

Mnamo tarehe 29 Septemba, 2021, maelfu ya watu walikusanyika mjini Wichita, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, kumzika mtu aliyekuwa amefariki miaka 70 kabla ya siku hiyo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipokata roho. Marehemu alikuwa Padri Emil Kapaun, kasisi wa jeshi, aliyefia katika kambi ya wafungwa wa vita huko Korea Kaskazini tarehe 23 Mei, 1951, akiwa na umri wa miaka 35. Nimeonelea vyema kuizungumzia habari yake kwa sababu inatuhusu zaidi ya vile tunavyoweza kudhani.

Kapaun alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Pilsen, Kansas, kwa wazazi wakulima wenye asili ya Bohemia. Alipata daraja la upadri mwaka 1940. Katika miaka ya 1945 na 1946 alikuwa kasisi wa majeshi huko Burma na India, yaani katika uwanja ule ule wa vita ambako vijana wetu wa Keya walikuwa wamepigana mwaka 1944 kando ya mto Chindwin. Baada ya vita alirejea kwao, akasoma, kisha akajiunga na jeshi tena mwaka 1948. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950 alipelekwa huko pamoja na Rejimenti ya 8 ya Kavalri, ambayo licha ya jina lake haikuwa tena na farasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba, 1950, majeshi ya China yalikizingira kikosi chake karibu na Unsan. Amri ilitoka kwamba kila aliyekuwa na uwezo wa kutoroka na atoroke. Kapaun alikuwa mzima wa viungo, lakini alikataa kuondoka akabaki na majeruhi, akijua fika kwamba kubaki ni kutekwa. Alipokuwa akichukuliwa mateka alimwona askari wa Kichina amemwelekezea bunduki sajenti mmoja, Herbert Miller, aliyekuwa amelala mtaroni na kifundo cha mguu kilichovunjika. Kasisi yule, asiyekuwa na silaha yoyote, alimwendea yule askari, akausukuma mtutu kando, akamwinua Miller na kumbeba. Aliendelea kumsaidia hivyo katika safari ndefu ya kwenda kambini, maadamu aliyeshindwa kutembea aghalabu alipigwa risasi.

Kambi yenyewe ilikuwa Pyoktong, kando ya mto Yalu, na majira yalikuwa ya baridi kali. Katika Wamarekani zaidi ya 7,000 waliotekwa katika vita vile, takribani 2,700 walifia kifungoni, wengi wao katika majira hayo ya kwanza, kwa njaa, baridi na kuhara damu. Hapo ndipo kasisi alipogeuka kuwa mwizi. Alijipenyeza usiku hadi kwenye maghala ya walinzi akaiba mahindi na viazi, na kabla ya kutoka alimwomba Mtakatifu Dismasi, yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Alifua nguo za wagonjwa wasioweza tena kujizuia. Aliponda mabati ya paa kwa mawe akatengeneza vyungu vya kuchemshia maji, maana maji machafu yaliwaua watu wengi. Alfajiri ya Pasaka, tarehe 25 Machi, 1951, aliongoza ibada mbele ya wafungwa wa kila dhehebu, na hata wasiokuwa na dini. Miezi miwili baadaye, mwenyewe akiwa mgonjwa hoi, walinzi walimtoa kwa nguvu wakampeleka katika nyumba waliyoiita hospitali. Wafungwa walikuwa na jina jingine kwa nyumba hiyo: nyumba ya mauti. Hakurudi.

Hebu sasa tuitazame safari ya kumbukumbu yake, maana hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Wafungwa walipoachiliwa mwaka 1953 walitoka wamebeba msalaba wa mti uliochongwa na rubani wa Kiyahudi, Gerald Fink, ambaye hakuwahi kumwona Kapaun kwani alifika kambini baada ya kifo chake. Alikuwa amesikia tu habari zake. Watu hawa walirejea makwao wakawa wanalitaja jina moja kwa yeyote aliyekubali kusikiliza. Jeshi lilikuwa limekwisha kumpa kasisi nishani ya daraja la pili. Wao walidai ya kwanza, wakadai kwa miongo sita. Kikomo cha muda kilichowekwa na sheria kilikuwa kimepita zamani, ikabidi Bunge la Marekani likiondoe. Tarehe 11 Aprili, 2013, Rais Barack Obama, ambaye baba yake ni wa Alego na mama yake alizaliwa mjini Wichita, alimkabidhi mpwa wa Kapaun Nishani ya Heshima. Mzee Miller alikuwepo, hai, akishuhudia.

Mwili, hata hivyo, ulikuwa bado haujapatikana. Ulikuwa miongoni mwa mifupa iliyorudishwa baada ya vita ukazikwa Hawaii, katika makaburi ya askari wasiojulikana. Mapema mwaka 2021 wataalamu wa maabara walifaulu kuutambua. Kanisa Katoliki nalo lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwaka 1993, na mwezi Februari 2025 Papa Fransisko akampa cheo cha Mheshimiwa, hatua mojawapo kuelekea utakatifu.

Sisi tunaochunguza lugha tunajua kwamba jina la pekee halifanyi kazi sawa na nomino nyingine. Neno "askari" hutaja aina. "Kapaun" humwonyesha mtu kidole. Tena ziko nomino za wingi zinazotumiwa kuficha umoja, na mojawapo ni "mashujaa wetu." Kila tarehe 20 Oktoba tunaitamka kwa sauti kuu, na aghalabu hatutaji nani. Tazama sanamu ya mashujaa wa Kiafrika katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi. Maandishi yake yako katika lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini hakuna jina hata moja la marehemu. Na si kwa bahati mbaya. Mwezi Aprili 2021, mwaka ule ule Kapaun alipopatikana, ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wametuachia Kariokor, jina la mtaa lililotokana na Kiingereza cha waliowaajiri.

Hayo ni ya wakoloni, atasema msomaji. Je, yetu? Tarehe 15 Januari, 2016, kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Ikawa shirika la habari la kigeni, CNN, ndilo lililotuambia kwamba hawakupungua 141. Hoja iliyotolewa ni kwamba takwimu humfurahisha adui. Sikubaliani nayo hata kidogo. Adui alikuwepo, aliwahesabu. Familia zilizika, zinajua. Aliyefichwa ni raia peke yake, ambaye vijana hao walitumwa kwa niaba yake.

Sisemi tuige Marekani katika kila jambo. Taifa lililomcheleweshea kasisi nishani yake kwa zaidi ya miaka 60 si mwalimu wa wepesi. Nasema kwamba lililomwokoa Kapaun na usahaulifu ni ushahidi wa wenzake, waliotaja jina, mahali na tendo. Manusura wa El Adde bado ni vijana. Miongoni mwao wako wanaojua ni nani aliyembeba nani, nani aligawa maji ya mwisho, nani aliwaombea waliokuwa wakikata roho, awe kasisi, imamu, mpishi au dereva. Waulizwe sasa, na majina yaandikwe, yote, mahali ambapo mama ya marehemu anaweza kwenda kuyasoma.