Gemu si kamari, na kaunti inafaa kujua tofauti

Wasee wa Kiganjo, na nyinyi wa Makongeni na Kiandutu pia mko ndani, leo tuongee kuhusu kwa gemu. Unajua pale ninapomaanisha: chumba kimoja cha mabati ama duka la ploti, televisheni mbili tatu, PlayStation, benchi ya mbao, na jamaa mmoja anayehesabu mechi na kukusanya pesa.

Kila baada ya muda wazazi wanalalamika, na suluhisho linalopendekezwa ni lile lile: fungeni zote. Mimi napinga hilo. Sipingi kuwe na sheria. Napinga sheria inayoweka vitu viwili tofauti kwenye gunia moja.

Tuanze na mathe anayelalamika, kwa sababu ako na pointi. Mtoto wa gredi ya sita hafai kuwa kwa gemu saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Pesa aliyotumwa unga haifai kuishia hapo. Na mzazi akiona mlango umefunikwa pazia na ndani ni kelele tupu, atajuaje kama watu wanacheza mpira wa skrini, kamari ama wanavuta kitu? Hofu yake ni halali.

Lakini angalia tofauti. Ukicheza gemu ya mpira unalipia mechi, unacheza, unaondoka. Ukifungwa tano bila, umepoteza ile ada tu na heshima kidogo. Mashine ya kamari nayo inameza sarafu ya mbao, halafu nyingine, na hesabu yake imepangwa ili mwenye mashine ndiye abaki na faida. Mwaka 2018 serikali ilikusanya mashine kama hizo na kuziteketeza. Hapo sina ubishi.

Sasa, nani anafaa kutunga sheria ya kwa gemu? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kusimamia burudani ya umma. Linataja kamari, kasino, sinema, maonyesho ya video na leseni za pombe. Leseni za biashara pia ni za kaunti. Gemu haijatajwa kwa jina, lakini ni burudani ya umma na ni biashara, kwa hivyo mlango wa kugonga ni ule wa Kaunti ya Kiambu. Kamari nayo imepata sheria mpya ya kitaifa, ile ambayo Rais Ruto alitia saini Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Hiyo iko wazi.

Kuchanganya gemu na kamari kuna hasara, na kuna nchi iliyojifunza hivyo kwa njia ngumu. Mwaka 2002 Ugiriki ilitaka kumaliza mashine haramu za kamari. Badala ya kuzitofautisha na gemu za kawaida, ikapiga marufuku gemu zote za kielektroniki katika maeneo ya umma. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Ugiriki imevunja sheria za Umoja wa Ulaya. Kule Marekani, mji wa Marshfield jimboni Massachusetts ulipiga marufuku mashine za gemu mwaka 1982. Marufuku hiyo ilikaa hadi 2014, wakati kila mtoto tayari alikuwa na gemu mfukoni.

Japani ilichagua njia nyingine. Majumba ya gemu yanapewa leseni, na watoto wanawekewa saa: kwa kawaida wa chini ya miaka 16 wanatoka saa kumi na mbili jioni, na wa chini ya miaka 18 saa nne usiku. Biashara inaendelea, na mtoto anafika nyumbani.

Hivi ndivyo ningependa Kiambu ifanye. Kwanza, kuwe na leseni ya kwa gemu peke yake, na ada ifuate idadi ya skrini. Kijana mwenye televisheni mbili asilipishwe kama mwenye ukumbi. Pili, mwanafunzi asiingie saa za masomo, na walio chini ya miaka 18 watoke saa moja jioni. Tatu, mashine ya kamari isikae chumba kimoja na gemu. Ikipatikana, leseni inaenda. Nne, hakuna pazia. Mlango uwe wazi, na saa na bei ziandikwe ukutani.

Wenye kwa gemu, msianze kunitusi bado. Kuna kitu tunakijua sote na hatukisemi: zile mechi ambapo wawili wanaweka soo soo na mshindi anabeba zote. Hiyo ni kamari, hata kama inachezwa kwa padi. Ukiiruhusu ndani, unampa kila anayetaka kukufunga sababu ya kukufunga. Na ukiwa na leseni yenye masharti yanayoeleweka, askari akija unamwonyesha karatasi na maneno yanaisha. Bila masharti hayo unabaki kubembeleza kila wiki.

Wengine mtasema, si wafunge tu, watoto wasome. Fikiria wanaenda wapi. Simu iko na kamari masaa 24, na hakuna jamaa wa mlangoni anayejua mamako. Kwa gemu angalau kuna mtu mzima anayeweza kusema, "Wewe, rudi shule."

Ada za kaunti hupangwa kwenye Mswada wa Fedha, na kabla upite, wananchi lazima waulizwe maoni. Pia Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Wenye kwa gemu wa Kiganjo wakikaa chini na wazazi, waandike ukurasa mmoja, wote waweke sahihi, MCA hawezi kusema hajui tunataka nini. Ukiwa na kwa gemu ama mtoto wako hucheza huko, niambie ni sharti gani kati ya haya manne ungebadilisha, na kwa nini.