Useneta Murang'a: Atakayemkabili Nyutu atatoka wapi, na Kangema itapata nini?

HUKU uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 ukinyemelea, kiti cha useneta cha Kaunti ya Murang'a ni miongoni mwa vile vinavyotazamwa kwa makini katika eneo la Mlima Kenya. Ni nani atakayejitokeza kumkabili Seneta Joe Nyutu? Na je, wakazi wa Kangema, eneobunge dogo lililo kwenye miteremko ya milima ya Aberdare, watakuwa na usemi wowote katika uamuzi huo?

Historia ya kiti hicho haimpi aliyekikalia sababu ya kulala usingizi mnono. Tangu Bunge la Seneti lirejeshwe mwaka wa 2013, Murang'a imefanya chaguzi tatu na kuwatuma Nairobi maseneta watatu, kila mmoja kwa tiketi ya chama tofauti. Kembi Gitura alichaguliwa mwaka wa 2013 kupitia TNA, akawa pia Naibu Spika wa Seneti. Mwaka wa 2017 Irungu Kang'ata alimbwaga katika mchujo wa Jubilee, kisha akashinda uchaguzi wenyewe. Kang'ata naye aliacha kiti hicho mwaka wa 2022 ili kuwania ugavana, na Nyutu akaingia kwa tiketi ya UDA. Hakuna aliyewahi kukitumikia kwa mihula miwili.

Murang'a haiko peke yake katika jambo hili. Nyeri ilimchagua Mutahi Kagwe mwaka wa 2013, Ephraim Maina mwaka wa 2017 na Wahome Wamatinga mwaka wa 2022. Kirinyaga ilianza na Daniel Karaba, ikamchukua Charles Kibiru, kisha James Murango. Nyandarua ilikuwa na Muriuki Karue, ikafuatia kwa Paul Githiomi na baadaye John Methu. Katika kaunti tano za uliokuwa Mkoa wa Kati, ni Kiambu pekee iliyomrudisha seneta wake, Kimani Wamatangi, ambaye baada ya mihula miwili alihamia ugavana.

Mtindo huu una sababu mbili kuu, na yeyote anayetaka kubashiri wapinzani wa mwaka wa 2027 hana budi kuzitia maanani.

Sababu ya kwanza ni kwamba kiti cha useneta kimefanywa ngazi. Seneta hana hazina ya maendeleo kama ile ya wabunge, wala hagawi basari au kujenga madarasa. Kazi yake ni kutunga sheria zinazohusu kaunti, kuamua mgao wa fedha na kumulika matumizi ya gavana. Kazi hiyo haionekani kwa macho kijijini, lakini inampa mtu jina katika kaunti nzima. Wanasiasa wengi huona kuwa jina hilo likishapatikana, la busara ni kulitumia kudai ofisi ya gavana ambako mabilioni ya pesa yanasimamiwa. Kagwe alijaribu hivyo mwaka wa 2017 asifaulu. Kang'ata na Wamatangi walifaulu mwaka wa 2022.

Kwa hiyo, orodha ya wawaniaji wa useneta Murang'a itategemea kwanza mbio za ugavana. Mwaka wa 2022 mambo yalikuwa mepesi, kwa kuwa Gavana Mwangi wa Iria alikuwa amekamilisha mihula yake miwili na kiti kilikuwa wazi. Vigogo wengi walielekea huko, na useneta ukabaki na nafasi kwa mtu ambaye hakuwa amewahi kuwa mbunge. Mwaka wa 2027 hali ni tofauti. Kang'ata amehudumu muhula mmoja tu, na Katiba inamruhusu kuwania wa pili. Kumng'oa gavana aliye ofisini ni kibarua kigumu, kwa hivyo baadhi ya wanaomezea mate ugavana huenda wakaona ni afadhali kusubiri hadi mwaka wa 2032 wakiwa katika Seneti. Iwapo Nyutu mwenyewe ataamua kujaribu ugavana, basi kiti chake kitabaki wazi na idadi ya wawaniaji itaongezeka maradufu.

Sababu ya pili ni wimbi la chama. TNA, Jubilee na UDA kila kimoja kilipata msimu wake katika Mlima Kenya, na kila mara mpiga kura aliambiwa apige kura za mtindo wa suti, yaani chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Katika hali hiyo mpambano wa kweli huishia kwenye mchujo. Kembi Gitura hakushindwa na wapiga kura wote wa Murang'a mwaka wa 2017. Alishindwa na wafuasi wa Jubilee mwezi Aprili, miezi minne kabla ya uchaguzi. Kwa upande mwingine, Kibiru wa Kirinyaga alishinda mwaka uo huo akiwa mwaniaji huru, jambo linaloonyesha kuwa wimbi hilo linaweza kukaidiwa, ijapokuwa kwa nadra.

Safari hii haijulikani wimbi litavuma kutoka upande gani. Seneti ilipoidhinisha kutimuliwa kwa aliyekuwa Naibu Rais Rigathi Gachagua mnamo Oktoba 17, 2024, eneo hilo lilipasuka. Nyutu alikuwa miongoni mwa maseneta wa Mlima waliosimama na Gachagua, ingawa alichaguliwa kwa tiketi ya UDA, chama cha Rais William Ruto. Mwezi Mei 2025 Gachagua alizindua chama chake cha DCP. Hivyo basi, mpinzani wa Nyutu anaweza kutoka pande mbili: anaweza kuwa mtu wa UDA anayetaka kukirudisha kiti kwa chama tawala, au mtu wa upinzani anayeitaka tiketi ile ile ambayo Nyutu angeitegemea. Kwa seneta huyo, wa pili ndiye hatari zaidi, maana vita vya nyumbani havina ngao.

Je, watu wenyewe ni akina nani? Kutajwa si kutangaza, na ni vyema kuyaangalia makundi kabla ya majina. Kundi la kwanza ni la wabunge waliochaguliwa mwaka wa 2022. Hao ni pamoja na Mary Wamaua wa Maragwa, ambaye alikuwa akichaguliwa kwa muhula wa pili, Edward Muriu wa Gatanga, Joseph Munyoro wa Kigumo, Edwin Mugo wa Mathioya na Peter Kihungi wa Kangema. Ndindi Nyoro wa Kiharu, aliyepoteza uenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge la Kitaifa mwaka wa 2025, ana jina linalovuka mipaka ya kaunti, na wengi humtaja kwa nyadhifa kubwa kuliko useneta. Betty Maina, Mwakilishi wa Wanawake, ana faida ambayo wabunge hao hawana: tayari amewahi kupigiwa kura katika maeneobunge yote saba.

Kundi la pili ni la waliowahi kushika nyadhifa. Kembi Gitura anaijua Seneti ndani na nje. Sabina Chege aliwakilisha wanawake wa kaunti hiyo kwa mihula miwili kuanzia mwaka wa 2013. Muturi Kigano, wakili mkongwe, aliiwakilisha Kangema kati ya mwaka wa 2017 na 2022. Alice Wahome, aliyekuwa mbunge wa Kandara kabla ya kuingia katika Baraza la Mawaziri, ni jina jingine zito. Kundi la tatu ni la wasiojulikana bado: mawakili, wafanyabiashara wa Nairobi wenye asili ya Murang'a na wakilishi wadi wenye ndoto kubwa. Ikumbukwe kwamba Kang'ata mwenyewe alianzia udiwani mjini Murang'a mwaka wa 2002.

Wengi kati ya hao hawatasema lolote mapema, na kimya chao kisichukuliwe kuwa ni kutotaka. Katiba inasema mbunge anayehama chama kilichomdhamini hupoteza kiti chake. Anayetaka kuwa mwaniaji huru sharti awe amejitoa chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Maafisa wa umma nao hutakiwa kujiuzulu miezi sita kabla. Mwaka wa 2022 makataa hayo yalikuwa mwezi Februari. Sheria hizo humlazimu mwanasiasa kucheza karata zake karibu na kifua hadi dakika za mwisho.

Hapo ndipo hesabu za Kangema zinapoanza kuuma. Murang'a ina wadi 35, na Kangema ina tatu pekee: Kanyenya-ini, Muguru na Rwathia. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,056,640 katika kaunti nzima, na 80,447 tu kati yao walikuwa Kangema. Gatanga pekee ilikuwa na watu 187,989 na Kandara 175,098. Ukijumlisha kaunti ndogo za Gatanga, Kandara, Kigumo na Murang'a Kusini, unapata karibu watu 65 kati ya kila 100 wa kaunti hiyo. Si ajabu basi kwamba maseneta wawili wa kwanza, Kembi Gitura na Kang'ata, wote walikuwa wamewahi kuwa wabunge wa Kiharu, eneo lenye makao makuu ya kaunti na wakazi wengi kuliko Kangema na Mathioya zikiwekwa pamoja.

Hata hivyo, Kangema haijawahi kuwa nyonge katika siasa za taifa. Hapa ndipo John Michuki na Joseph Kamotho walipopimana nguvu kwa miaka mingi kabla ya Mathioya kumegwa na kuwa eneobunge. Michuki, aliyefariki Februari 2012, anakumbukwa kote nchini kwa kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Benki ya Equity ilianzia Kangema mwaka wa 1984 kama shirika dogo la ujenzi wa nyumba. Wafanyabiashara kutoka Rwathia walijijengea jina katika biashara ya jumla na hoteli jijini Nairobi. Eneo hili lina watu wenye mali, mtandao na ushawishi. Kinachokosekana ni wingi wa kura, na katika useneta kura moja ya Kangema ni sawa na moja ya Gatanga.

Kwa sababu hiyo, swali la iwapo mwana wa Kangema atakuwa seneta huenda lisiwe na faida sana kwa mkulima wa Kanyenya-ini. La maana zaidi ni atakayeshinda atafanya nini, kwani mambo mengi yanayogusa riziki yake hupitia Seneti.

Mfano ni majanichai. Sheria ya Chai ya mwaka wa 2020 ilianza kama mswada wa Seneti, uliowasilishwa na Seneta Aaron Cheruiyot wa Kericho. Murang'a, licha ya kuwa na viwanda vingi vya chai, ilikuwa ikifuata mjadala ulioanzishwa na wengine.

Mfano mwingine ni fedha. Mwaka wa 2020 maseneta walivutana kwa miezi mingi kuhusu mfumo wa kugawa mapato, huku kaunti zenye watu wengi, Murang'a ikiwemo, zikitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi. Maafikiano yalipatikana Septemba 17, na mwaka wa fedha uliofuata mgao wa kaunti zote ukapanda kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni. Kwa mwaka wa 2025/26 mgao huo ulikuwa Sh415 bilioni. Kila mfumo unapojadiliwa upya, seneta asiyejua hesabu zake huirudisha kaunti yake mikono mitupu.

Kuna pia maji. Mtaro wa chini ya ardhi wa Northern Collector huchota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka bwawa la Ndakaini, ambalo kwa miaka mingi limekuwa tegemeo kuu la Nairobi. Wa Iria alipokuwa gavana alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato yatokanayo na maji hayo. Mswada wa kugawana manufaa ya maliasili umekuwa ukirudi bungeni tangu muhula wa kwanza wa Seneti, na hiyo ndiyo njia ambayo seneta wa Murang'a angeweza kuitumia.

Kisha kuna suala la ujasiri. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 Kang'ata, akiwa Kiranja wa Wengi, alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta barua akimweleza kuwa mpango wa BBI haukuwa ukipendwa Mlimani. Alipokonywa wadhifa huo Februari 2021, lakini mwaka mmoja na nusu baadaye akachaguliwa gavana. Funzo lake ni kwamba mpiga kura wa Murang'a humkumbuka aliyesema ukweli, hata kama ukweli huo uliambatana na hesabu za kisiasa.

Kwa Nyutu, hatari si jina moja mahususi. Ni uwezekano wa kigogo kukosa nafasi katika mbio za ugavana na kuteremkia useneta akiwa na tiketi ya chama kitakachokuwa kimeshika msimu. Kwa Kangema, hatari ni kusubiri hadi Agosti ndipo itoe sauti, ilhali mizani itakuwa imeshaegemea upande mmoja tangu mchujo. Wakazi wa wadi tatu, wakikubaliana mapema kuhusu maswali ya chai, maji na mgao wa fedha, wanaweza kuyaweka mbele ya kila anayepanda mlima kuomba kura zao na kumtaka ajibu hadharani. Atakayebabaika kujibu kabla ya mchujo hatapata ulimi akishaapishwa.