Afadhali Kufungwa na Fundi

Hapa Itumba wapo mafundi wa bao wanaojisifu kwamba hawajawahi kufungwa. Nami nilikuwa mmoja wao, ndiyo maana nathubutu kusema: mtu asiyefungwa si fundi. Ni hodari wa kuchagua wanyonge.

Kwa miaka mingi niliketi kwenye benchi moja karibu na soko, nikicheza na vijana wasiojua hata kuhesabu kete za mwenzao. Dau lilikuwa soda, nami nilikunywa soda nyingi za watu. Akitokea mtu anayesifika, udhuru haukukosekana: kichwa kinauma, nimeitwa nyumbani.

Siku moja akapita mzee kutoka upande wa Chitipa, Malawi, ambako bao huitwa bawo. Alinifunga mara tano mfululizo. Ndugu msomaji, katika bao kila mtu ana kete 32. Kumi huanza ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba; 22 hubaki mkononi kwa ajili ya kunamua. Mazoea yangu yalikuwa kuichezesha nyumba mapema, kete zienee na watazamaji washangilie. Wanyonge wangu hawakuwahi kuniadhibu kwa kosa hilo, kwa hiyo nililiita ufundi. Mzee aliitunza nyumba yake, akanisubiri nimalize mbwembwe, kisha akala kete zangu.

Nilimeza aibu nikamwuliza, "Mzee, nilikosea wapi?" Akazipanga upya kete, akaonyesha shimo moja. "Hapa. Una haraka, mwanangu." Somo hilo sikulipata katika ushindi wangu wote wa pale benchini.

Wapo watakaosema kwamba anayeweka dau mbele ya anayemzidi anamlisha mwenzake tu. Ni kweli. Anayetafuta fedha na awafuate wanyonge, ila akubali kwamba yeye ni mchuuzi, si mwanafunzi wa mchezo. Anayetaka kujifunza aweke dau dogo, alihesabu kuwa karo, na asiondoke kabla ya kuuliza alipokosea. Wala asimtafute aliyemzidi mno, hata asielewe amefungwaje.

Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi wetu alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Tunamsifu yeye, na ni haki yake. Lakini mtazame pia aliyefungwa, John Walker wa New Zealand. Kwa kumfukuza Bayi, naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani, iliyokuwa imedumu tangu 1967. Agosti 1975 Walker huyo huyo akaivunja rekodi ya Bayi ya maili moja. Angechagua kukimbia na wanyonge, angeshinda siku ile na kubaki alivyokuwa.

Mtanijibu kwamba haya ni michezo tu. Laiti yangekuwa hivyo! Mwanangu alikuwa wa 19 katika darasa la watoto wakali. Niliona haya mbele ya majirani, nikamhamishia shule nyingine, akawa wa kwanza kila muhula. Ripoti zake nilizitembeza kijiji kizima. Ukaja mtihani wa taifa, ambao haujali nani alikuwa wa kwanza wapi. Alifeli. Akaniuliza, "Baba, si nilikuwa wa kwanza?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimemketisha mtoto kwenye benchi langu la wanyonge, nikamwita fundi.

Enyi wazazi mnaohesabu namba za darasani, nanyi wafalme wa benchi: mwulizeni mtoto leo nani anamshinda, na anamshindia wapi. Kisha jiulizeni wenyewe. Asiye na jina la kutaja ameacha kujifunza zamani.