Jenerali Musuguri Hakuzaliwa Jenerali

Katika ofisi za serikali, na hata katika vyumba vya walimu, umeota mizizi usemi kwamba mtu wa Mara amezaliwa askari. Mtoto wa Natta akishindwa hesabu huambiwa asihuzunike, maana jeshi linamngoja. Mnatta wa Serengeti, Mzanaki wa Butiama na Mkurya wa Tarime hutiwa kapu moja, wakaitwa watu wa vita. Wasemao hivyo hudhani wanasifu. Ukweli ni kwamba wanairudia kasumba ya mkoloni, na shahidi wanayemtaja kila mara ni Jenerali David Musuguri. Basi ushahidi huo na upimwe.

Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920. Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, aliingia jeshi la KAR na kupelekwa Madagaska. Vijana wa Mara walioandikishwa zama hizo hawakusukumwa na damu. Walisukumwa na kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu, na ng'ombe wa mahari, na uhaba wa kazi ya mshahara. Mwingereza naye alikuwa na orodha yake ya makabila ya vita: Kenya aliwasifu Wakamba, Uganda aliwasifu Waacholi. Lakini sifa hizo hazikuzaa cheo. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuwa ofisa hata angekuwa hodari kiasi gani. Ilipofika miaka ya 1950 ndipo kilipobuniwa cheo cha efendi, nacho kilikuwa chini ya ofisa mdogo kabisa wa Kizungu. Beberu alimwita Mwafrika shujaa ili amtume, si ili amheshimu.

Baada ya vita Musuguri alikuwa mkufunzi katika kambi ya Kahawa, Kenya. Huko alifahamiana na askari kijana kutoka Uganda, Idi Amin. Wote wawili walipikwa katika chungu kimoja. Amin alipendwa na wakubwa wake wa Kiingereza kwa mwili wake, ngumi zake na utii wake, wakampandisha vyeo. Uganda ikalirithi jeshi lililoandikishwa kwa kuchagua makabila. Januari 1971 Amin aliipindua serikali, na haukupita muda askari wa Kiacholi na Kilango wakachinjwa makambini kwa sababu tu ya makabila yao. Hayo ndiyo matunda ya usemi ambao watu wengine huutamka kwa kicheko.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Askari walipoasi Januari 1964, serikali ililivunja jeshi la kurithi. Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa, likachukua vijana wa TANU kutoka kila pembe ya nchi, chini ya Mrisho Sarakikya, mwana wa Meru. Askari alifundishwa siasa ili ajitambue kuwa ni mwananchi aliyevaa sare. Musuguri, aliyekwisha kutumikia bendera ya mgeni kwa miaka mingi, alipanda ngazi katika jeshi hilo jipya. KAR ilimfundisha nidhamu. Jamhuri ilimpa sababu ya kuwa na nidhamu hiyo.

Machi 1979 mambo yote hayo yalipimwa pale Lukaya, Uganda. Brigedi ya 201, yenye wanamgambo wengi, ilishambuliwa na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya, ikarudi nyuma kwa fujo. Divisheni ya 20, aliyoiongoza Musuguri, haikuwa na kabila la kuiokoa. Ilipanga upya: Brigedi ya 208 ikaamriwa izunguke na kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Siku iliyofuata adui akajikuta amebanwa huku na huku. Ulikuwa ushindi wa ramani, hesabu ya maili na saa, na utii wa watu ambao wengi wao miezi michache nyuma walikuwa wakulima mashambani mwao, katika mikoa mbalimbali. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hadi 1988. Kisha alistaafu, akakabidhi madaraka, akaishi raia miongoni mwa raia hadi alipofariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Yule waliyefahamiana Kahawa alifia uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003. Kama damu ya askari ingetosha, wawili hao wangefanana mwisho wao.

Kwa hiyo mwalimu anayemwachia mtoto wa Natta asijue hesabu kwa kisingizio cha jeshi anamwibia mtoto huyo, na analiibia jeshi lenyewe, kwani hakuna mzinga unaolengwa kwa ukoo. Mtumishi wa umma anayehesabu makamanda kwa mikoa yao naye ajue anaifungua daftari ya mwandikishaji wa Kiingereza, iliyofungwa mwaka 1964 kwa gharama kubwa. Heshima anayostahili Jenerali Musuguri ni kufundishwa darasani jinsi alivyojifunza, alivyotii na alivyoondoka madarakani. Kumgeuza mnyama wa kabila ni kumtukana.