Besi ya Ridhaa na Besi ya Riziki

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazini tulikuwa tunahamisha hifadhidata ya mteja kutoka seva kuukuu hadi mpya, na yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua kwamba kitu cha kwanza kufutwa huwa ni usingizi. Leo siandiki kuhusu programu, au tuseme nitafika kwenye programu kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Nataka kuzungumzia gitaa la besi.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mchana nabonyeza tarakilishi na jioni nabonyeza nyuzi. Nimepiga besi kwa miaka tisa sasa. Shuleni tulifundishwa kwamba jambo la aina hii linaitwa uraibu, neno lile lile wazee wanalolitumia kwa tambuu na tumbaku, na mke wangu anasema waliotunga kamusi hawakukosea.

Basi kuna maswali mawili ninayoulizwa kila mara. La kwanza: mbona usiache kazi ya ofisi ukapige muziki moja kwa moja? La pili, ambalo huulizwa na jamaa za kwetu: mbona unapoteza wakati kwa kitu kisichokulipa? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja kwa maswali yote mawili. Napiga kwa mapenzi, sitaki pesa, na simdhuru mtu. Siku hizi nusu ya jibu hilo nimeifuta, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza, kwa asiyelijua gitaa lenyewe. Besi ya kawaida ina nyuzi nne nene. Ule mnene kuliko wote ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu yako haina uwezo wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Unachosikia ni milio ya juu inayofuatana nayo, kisha ubongo wako unajaza pengo. Ndiyo maana mtu anaweza kuupenda wimbo kwa miaka 20 bila kujua kuna besi ndani yake.

Chombo chenyewe ni kazi ya fundi mwenzetu. Leo Fender alikuwa na duka la kutengeneza redio huko California, na kupiga gitaa hakujua. Mwaka 1951 alitoa besi ya umeme aliyoiita Precision Bass. Kabla yake wapigaji wengi walikuwa wakihangaika na ile besi ya kusimama, kubwa kama mtu mzima, ambayo sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Hii mpya ungeweza kuibeba begani, na ilikuwa na vipande vya chuma shingoni ili kidole kipate noti sahihi.

Mpiga besi ni kama msimamizi wa seva. Akifanya kazi vizuri hakuna anayemkumbuka. Akinyamaza, ukumbi mzima unageuka, ingawa wengi hawawezi kukwambia ni nini kilichopungua. Karibu kila mtu hapa Kenya anaweza kuuimba Sina Makosa wa Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Waulize waimbaji hao mpiga besi wa Les Wanyika alikuwa nani. Alikuwa Tom Malanga, na ile mistari yake ndiyo inayokufanya utikise mabega kabla hujatambua ni wimbo gani.

Sasa nije kwenye kisa.

Bendi yetu ina watu watano, wote wa kazi za mshahara: mhasibu kwenye ngoma, mwalimu kwenye gitaa la solo, muuguzi anayeimba, na sisi wawili wa tarakilishi. Tulikuwa tukifanya mazoezi sebuleni kwa mwalimu, majirani wakivumilia. Siku moja mwenye baa fulani hapa Nairobi alitusikia kwenye harusi, akatuomba tuwe tunapiga kwake kila Ijumaa. Malipo: nyama choma na vinywaji. Tulikubali kabla hajamaliza sentensi. Jukwaa letu wenyewe! Nadhani kama angetuambia tulipe sisi, tungechanga.

Ijumaa ya nne, wakati wa mapumziko, mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na jukwaa alinikaribia.

"Habari yako, kijana. Mkono wako mzuri."

"Nashukuru, mzee."

"Wanawalipa ngapi hapa?"

"Hatulipwi, mzee," nikamjibu, tena kwa fahari. "Sisi tunapiga kwa mapenzi tu. Kila mtu ana kazi yake."

Alinyamaza kidogo. "Hata mimi naupenda muziki," akasema. "Lakini mwenye nyumba yangu hapokei mapenzi mwisho wa mwezi."

Kumbe ndiye aliyekuwa akipiga besi kwenye jukwaa hilo hilo, kila Ijumaa, kabla yetu. Bendi yao ililipwa. Haikuwa pesa nyingi, lakini ilikuwa pesa ya kuhesabika. Mwenye baa alipopata watu wa kufanya kazi hiyo kwa sahani ya nyama, akawaambia wapumzike kidogo. Mzee hakunitukana. Aliomba gitaa langu, akalisikiliza, akakaza uzi wa tatu uliokuwa umelegea, akanirudishia. Kipindi cha pili gitaa lilikuwa sawasawa kuliko Ijumaa zote zilizotangulia, na mimi nilipiga vibaya kuliko zote.

Usiku ule nikiwa kwenye matatu nilikumbuka jambo. Miaka michache nyuma mfanyabiashara mmoja alitaka nimtengenezee tovuti ya duka lake. Nikapiga hesabu ya siku za kazi, nikamwambia shilingi 40,000. Akanijibu kwamba kuna kijana wa chuo atakayeifanya kwa 5,000, kwa sababu anapenda tu kompyuta. Nilikasirika sana. Niliandika humu humu, wasomaji wa zamani mtakumbuka, kwamba watu wa namna hiyo wanaua soko na kuwazoesha wateja kudharau kazi yetu. Nilitumia maneno makali kuliko ninayoweza kuyarudia leo.

Na sasa, kwenye muziki, yule kijana wa chuo nilikuwa mimi.

Najua fundi wa programu atakayeinua mkono hapa. Atasema: "Ndugu, wewe si ndiye unayetumia Linux kila siku? Kazi ya bure ndiyo iliyojenga intaneti." Ni hoja nzuri, na nimeifikiria sana. Ni kweli, Linus Torvalds alipoitangaza kazi yake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, alisema ni uraibu tu, si kitu kikubwa cha kitaalamu. Lakini tazama alivyoitoa. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ya GPL, yaani: chukua, tumia, badilisha, hata uza, ila ukiisambaza lazima uwape wanaoipokea msimbo wake pamoja na haki zile zile ulizopewa. Zawadi ile ilitolewa kwa kila mtu, na ilikuwa na masharti. Leo wengi wanaoichangia Linux wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo, na hakuna anayeona ajabu.

Mimi kwenye baa sikuwa nimewapa watu wote kitu chochote. Nilikuwa nimempa mtu mmoja, mwenye biashara, kibarua alichokuwa akikinunua kwa mwingine. Bia hakuishusha bei hata shilingi. Nilichokiita mapenzi kilikuwa punguzo la gharama kwake, na aliyelipia punguzo hilo ni mzee wa watu.

Tulikutana bendi nzima juma lililofuata. Mhasibu alisema soko ni soko, kama mzee ni bora basi watu watamtaka yeye. Nikamwambia soko ambalo mmoja analipwa mshahara mahali pengine na mwingine hana si mashindano ya ubora. Mimi naweza kupiga bure kwa miaka kumi kwa sababu kampuni yangu ndiyo inayonilisha. Mwajiri wangu, bila kujua, alikuwa akifadhili burudani ya baa.

Tulibishana hadi usiku. Hatimaye tukamwendea mwenye baa tukiwa na pendekezo: atulipe kile alichokuwa akiwalipa wale wa kwanza, au awarudishe wao. Alitusikiliza kwa adabu, akatuagizia soda. Baada ya majuma mawili akamleta mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme, ngoma na besi zikitoka ndani ya mashine. Kwa hivyo sisi tulikosa jukwaa, na mzee hakurudi. Ningependa kisa hiki kiishe vizuri zaidi, lakini ndivyo kilivyoisha. Bei ikishafika sifuri haipandi tena kwa sababu tu umejuta. Na leo, ambapo kuna programu zinazotunga wimbo mzima, besi ikiwemo, kwa kuandikiwa sentensi moja, sifuri iko karibu zaidi na kila mwanamuziki.

Je, asiyekula kwa muziki asipige? La hasha. Kiswahili kina neno zuri ambalo watangazaji wa michezo hulitumia: mchezaji wa ridhaa. Yule anayecheza kwa kupenda kwake. Upande wa pili kuna wa riziki. Watu hudhani tofauti yao ni ubora, kwamba wa riziki ni mkali na wa ridhaa ni wa kubahatisha. Sivyo. Wala si tofauti ya mapenzi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alikuwa mtu wa riziki kabisa: anaitwa studio, anapiga, analipwa. Jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya sahani hizo hadi mwaka 1971, albamu ya What's Going On ya Marvin Gaye ilipotoka. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Lakini hata katika miaka ile ya kazi nyingi, yeye na wenzake wakitoka studio walikwenda kupiga jazi kwenye vilabu vya mji usiku. Kwa hivyo ridhaa na riziki zinaweza kuishi ndani ya mtu mmoja. Tofauti iko kwenye swali hili: siku ukiamka mkono unauma na moyo hautaki, je, bado ni lazima uende? Mimi si lazima. Mzee ni lazima.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaoniambia niache kazi. Napenda kurudia mistari minane ya benga usiku kucha kwa sababu tu inanishinda. Anayepiga hotelini anapiga anachotaka mgeni, wimbo ule ule kila jioni, anabeba spika zake, na bado anangoja malipo. Namheshimu mno kiasi kwamba siwezi kuigiza maisha yake kila Ijumaa halafu Jumatatu nirudi kwenye kiti changu cha kuzunguka.

Basi bendi yetu imejiwekea kanuni tatu, nami nawashauri wenye uraibu kama wangu, wa muziki, wa picha, hata wa kutengeneza tovuti, wazifikirie:

1. Mahali ambapo mtu anaingiza pesa kwa kazi yako, toza bei ya wanaoishi kwa kazi hiyo. Usishushe hata kidogo. Kama pesa huzihitaji, zichukue kisha uzigawe.

2. Kama unaona haya kutoza bei hiyo kwa sababu hujafikia kiwango, basi kazi si yako. Mpe mwenye kuomba namba ya anayeiweza.

3. Mahali ambapo hakuna anayeuza chochote, yaani matangani, shuleni, ibadani, sebuleni kwa rafiki, piga bure na upige kwa moyo wako wote.

Kanuni ya kwanza imetukosesha kazi kadhaa. Tangu mwaka jana tumeitwa na watu sita na waliokubali bei ni wawili. Moja kati ya kazi hizo mbili niliumwa, nikampigia mzee simu aende badala yangu. Alikwenda. Wenzangu wanasema bendi haijawahi kusikika vile, na mhasibu, yule yule wa soko ni soko, ameanza kuuliza kama mzee ana nafasi zaidi.

Nami ninajifunza kwake sasa, Jumamosi asubuhi, saa mbili kwa wiki. Namlipa.

Haya basi, niwaache hapo. Seva mpya inaendelea vizuri, na hakuna aliyeiulizia tangu Jumanne, jambo ambalo mpiga besi yeyote atawaambia ni sifa kubwa. Alamsiki.